Udongo, Yai na Mafumbo ya Picha

Wasomaji wetu, wengi hudhani kwamba sanaa ya picha hujifunzwa kwa macho. Historia yatuonyesha kwamba hujifunzwa kwa mkono, na mwalimu wa mkono ni picha ya kale inayonakiliwa toka mwanzo hata mwisho.

Tuanze karibu na kwetu. Katika nchi ya Wasukuma, jirani zetu sisi wa Masumbwe, palikuwa na chama cha Bayeye, mafundi wa kushika nyoka na wenye dawa za sumu yao. Kuta za ndani za nyumba zao zilichorwa nyoka, watu na alama za mafumbo. Picha hizo hazikuwa pambo tu. Mwanachama mgeni alifundishwa kwazo. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika Serikali ya Tanganyika, alizieleza katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1953. Lakini ukuta wa udongo hauishi sana: mvua huubomoa na mchwa huula. Kitabu chaweza kuhifadhi sura ya picha. Ustadi wa kuifanya hukaa katika mkono unaoirudia.

Ulaya nako mambo yalikuwa hivyo. Mafundi wa Italia walichora kwa tempera, yaani rangi iliyosagwa ikachanganywa na kiini cha yai. Yapata mwaka 1480, Sandro Botticelli wa Florence alichora hivyo picha iitwayo Primavera: watu tisa katika kichaka cha michungwa, nao ni mafumbo ya mapenzi, uzuri na majira ya maua. Baadaye rangi za mafuta zilienea, na ustadi wa tempera ukafifia. Mwaka 1899 Christiana Herringham, mwanamke Mwingereza, alitoa tafsiri ya kitabu cha fundi Cennino Cennini kilichoandikwa yapata mwaka 1400. Maagizo yake aliyajaribu kwa mkono wake, akinakili picha za kale. Na mwaka 1901 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha wachoraji wa tempera.

Kazi yenyewe yataka saburi. Ubao hupakwa gundi ya ngozi na unga mweupe wa mawe, tabaka juu ya tabaka, ukasuguliwa hata uwe laini. Rangi husagwa kwa maji juu ya jiwe, ndipo kiini kitiwe. Kwa kuwa hukauka upesi, mchoraji huiweka kwa mistari myembamba, mmoja kando ya mwingine. Cennini aliagiza kiini cha kuku wa mjini kwa nyuso za vijana, maana ni cheupe zaidi. Na cha kuku wa shamba, kilicho chekundu, kwa nyuso za wazee. Chini ya rangi ya mwili hutangulia udongo wa kijani, na chini ya dhahabu udongo mwekundu. Mtazamaji huuona uso. Anayenakili ndiye aujuaye udongo ulio chini yake.

Basi, enyi wanafunzi, udongo mwekundu tunaukanyaga kila siku, mkaa uko jikoni, na yai li kiotani. Chagueni picha moja ya kale yenye maana. Waendeeni wazee kwa adabu, mwaombe ruhusa na maelezo ya fumbo lake. Kisha mwifanye upya, mstari kwa mstari, wangali hai wa kuwasahihisha.