Nachingwea na Hilful Fudhul

Mwaka 2014 zilitoka juzuu 9 za historia ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika, chini ya mradi uliopewa jina la Brigedia Jenerali Hashim Mbita, Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya OAU hadi 1994. Kwa msomaji wa Nambambo, hizo ni habari za nyumbani: Nachingwea ndipo FRELIMO ilipokuwa na kambi yake kuu ya mafunzo, kabla ya uhuru wa Msumbiji, Juni 25, 1975.

Je, yafaa Muislamu kushirikiana na wasiokuwa Waislamu kuondoa dhulma? Kabla ya Utume, Mtume (s.a.w.) alihudhuria Hilful Fudhul, Makka, nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, Maquraishi walipoapa kumtetea aliyedhulumiwa. Baadaye alieleza kuwa lau angeitwa kwenye mfano wake katika Uislamu, angeitikia.

Lakini FRELIMO, iliyotangaza Umaksi mwaka 1977, iliwabana watu wa dini, Waislamu wakiwemo. Je, msaada ule ulikuwa kosa? La. Kiapo kile kilikuwa cha kumtetea mdhulumiwa, si cha kukitii chama. Aliyenusuriwa jana akidhulumu leo, haki ya kunusuriwa huhamia kwa anayedhulumiwa naye.

Wabillahi tawfiq.