Kishikizo cha Ukuta: Jina na Kazi Yake

Nyumba nyingi za Uingereza zilizojengwa tangu miaka ya 1920 zina ukuta wa tabaka mbili. Tabaka la nje la tofali hupigwa na mvua, la ndani hubeba sakafu na paa, na uwazi, ambao katika nyumba za zamani ni takriban milimita 50, huachwa katikati ili unyevu usivuke. Kipande cha chuma kinachoyashika matabaka hayo pamoja ndicho tunachokiita hapa kishikizo cha ukuta. Kwetu Afrika Mashariki nyumba nyingi zina ukuta wa tabaka moja uliopigwa lipu, kwa hiyo kifaa hiki ni kigeni kwa mafundi wengi.

Tungeweza kusema kiungo, lakini neno hilo lina kazi nyingi mno tayari. Kishikizo kinataja shughuli yenyewe. Tabaka la nje ni jembamba, upana wa tofali moja tu, na upepo mkali ungeweza kulibomoa lisiposhikizwa kwenye la ndani. Hata hivyo, kishikizo chema hakivushi maji. Katikati yake hukunjwa au kusokotwa ili tone linalotambaa juu yake lidondokee ndani ya uwazi kabla halijafika upande wa pili.

Vishikizo vingi vya zamani vilikuwa vya chuma kilichopakwa zinki. Zinki ikilika, kutu huingia, na huwahi zaidi pale tofali zilipojengewa mchanganyiko wenye majivu ya makaa ya mawe, kwa sababu ya salfa yake. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo vishikizo vinene vya bapa huvimba na kuzinyanyua tofali zilizo juu yake. Nje huonekana nyufa za mlalo zinazojirudia kila kozi ya sita, yaani kila milimita 450, ambao ndio umbali wa kawaida kati ya safu moja ya vishikizo na nyingine. Vile vyembamba vya waya vinaweza kukatika kimyakimya, ukuta usionyeshe ufa wowote.

Fundi huvitafuta vya zamani kwa kifaa cha kutambua chuma, kisha hutoboa tundu dogo na kuchungulia kwa kamera ya mrija. Akithibitisha kutu, hutoboa tabaka la nje hadi aingie ndani ya lile la pili, hupuliza vumbi litoke, na kuingiza kishikizo cha chuma kisichoshika kutu. Kipo kinachotanuka kinapokazwa, kipo kinachogandishwa kwa resini, na kipo cha msokoto kinachogongwa moja kwa moja. Baadhi huvutwa kwa kipimo kuhakikisha vimeshika, ndipo matundu yazibwe.

Hapo ndipo tafsiri ya “kubadilisha vishikizo” inapopotosha, kwani msomaji atadhani cha zamani hung’olewa na kipya kukaa palepale. Kipya hutobolewa tundu mahali pengine. Vya waya mara nyingi huachwa vilivyo. Vya bapa ndivyo hutolewa, au ncha zake za nje hutenganishwa na tofali ili kutu isiendelee kupasua ukuta. Kwa hiyo mfasiri aandike “kutia vishikizo mbadala”, na hatima ya vya zamani aieleze kwa sentensi yake peke yake.