Kamba wa Zanzibar Asiyejulikana Zanzibar

Wapiga picha wa chini ya maji wanaokwenda Lembeh, kaskazini mwa kisiwa cha Sulawesi nchini Indonesia, hulipa fedha nzuri wapelekwe kwa mnyama ambaye urefu wake haufiki sentimita 2. Ni kamba mdogo mwenye nundu mgongoni, anayeishi juu ya tumbawe jembamba lililosimama kama mjeledi. Rangi yake huifuata ya tumbawe, na mgeni anaweza kulitazama tawi dakika nzima asimwone. Jina lake la kisayansi ni Dasycaris zanzibarica. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1973 na Alexander James Bruce, mtafiti kutoka Uingereza aliyekuwa akifanya kazi huku kwetu Afrika Mashariki.

Sokoni Darajani hauzwi, wala hana nyama ya kuuzwa. Katika vitabu vya skuli nilivyovipitia hayumo. Jina la visiwa vyetu linatajwa kila siku na wageni huko Indonesia na Ufilipino, na wenye visiwa hatuna habari.

Nimeshika kalamu kwa sababu Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, inakaribia kutimiza miaka 50. Zitasomwa hotuba. Mwani utapewa sifa zake, na unastahili, maana wanawake wa Paje na Jambiani wamesomesha watoto kwa mwani. Lakini nina hofu kwamba kazi ya kimya kimya ya kuandika ni mnyama gani anaishi mwamba gani, hasa hawa kaa na kamba wasiofika jikoni, haitapata hata aya moja. Ndiyo maana nimekaa na makala za Bruce mwenyewe na kile kitabu kinene cha viumbe wa pwani ya Afrika Mashariki kilichohaririwa na Matthew Richmond. Sehemu kubwa ya ninayoyasema inatoka huko, pamoja na chuki yangu ndogo juu ya vielelezo kukaa ughaibuni.

Kwanza tuelewane. Mtaalamu akitangaza kwamba kaa fulani amepatikana Pemba kwa mara ya kwanza, hasemi kwamba kaa huyo amehamia Pemba juzi. Kwa kawaida alikuwepo siku zote, na huenda wavuvi wanaochokoa miambani wakati wa bamvua wamemkanyaga tangu utotoni. Kilichotokea ni kwamba safari hii amekanyagwa na mtu mwenye chupa ya spiriti, kalamu na mahali pa kuchapisha. Kwa hiyo ramani za makazi ya wanyama hawa zinaonyesha pia watafiti walilala wapi. Unguja, Mombasa, Malindi na Dar es Salaam zimejaa alama, na sehemu ndefu za pwani ya kusini zina alama chache.

Miongoni mwa wa mwanzo kukusanya kwa wingi alikuwa Mjerumani Wilhelm Peters, aliyekaa Msumbiji na maeneo ya jirani kati ya 1842 na 1848. Kaa na kamba wake walikwenda Berlin wakakaa rafuni. Orodha kamili ya wanyama hao ilichapishwa na Franz Hilgendorf mwaka 1879. Miaka 30 na ushei! Mtu angeweza kuzaliwa Ibo, pwani ya Msumbiji, siku Peters alipoondoka, akaoa, akapata watoto, na kaa wa kijijini kwake bado hawajatoka kwenye chupa.

Huyo Hilgendorf ndiye aliyewaandika pia kaa wa Zanzibar, nao walifika mezani kwake kwa njia ya msiba.

Baron Carl Claus von der Decken alifika Unguja mwaka 1860, kijana Mjerumani mwenye mali na aliyewahi kuwa askari. Alitaka kwenda Ziwa Nyasa kupitia Kilwa, akashindwa. Mwaka 1861 akaenda Kilimanjaro na Richard Thornton, na mwaka uliofuata akarudi na Otto Kersten, wakapanda hadi zaidi ya mita 4,000. Huko Ulaya walikuwepo wataalamu waliokuwa wakibisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na safari hizo zilithibitisha kwamba ipo. Kila alikopita walikusanywa ndege, wadudu, samaki, na kutoka pwani ya Unguja, kaa.

Kisha akaagiza meli za mvuke. Mwaka 1865 alikwenda mto Juba akiwa na mbili, kubwa ikiitwa Welf na ndogo Passepartout. Ndogo ilipotea mlangoni mwa mto, kwenye mawimbi ya fungu la mchanga. Mtu mwingine angesoma ishara akageuza. Decken alipanda na Welf hadi kupita mji wa Bardera, na huko ikagonga mwamba kwenye maporomoko, ikatoboka. Watu wake wakapiga kambi ukingoni, na yeye akarudi Bardera pamoja na daktari wake kutafuta msaada. Kambi ikashambuliwa, Wazungu wawili wakauawa pale, na Decken na daktari wakauawa Bardera. Walionusurika waliteremka mto kwa mashua hadi pwani, wakafika Zanzibar na habari. Decken hakuwa amefikisha miaka 33.

Mama yake, aliyekuwa ameolewa katika ukoo wa wakuu wa Pless, aligharimia uchapishaji wa matokeo ya safari zake zote. Juzuu la wanyama lilianza kutoka mwaka 1869, na ndani yake Hilgendorf akawaeleza kaa. Mmoja wao ni yule kaa mwembamba wa mikoko anayeitwa leo Parasesarma leptosoma. Ukurasa umekauka, umejaa vipimo vya gamba na miguu. Huwezi kujua kwa kuusoma kwamba fedha iliyouchapisha ni ya mama aliyefiwa, wala kwamba kaa huyo ana tabia ya ajabu kuliko safari nzima. Hilo lilisubiri hadi mwaka 1994, pale Marco Vannini wa Florence na Renison Ruwa wa Kenya walipochapisha walichokiona kwenye mikoko ya pwani ya Kenya: kaa hao hupanda kutoka mizizini hadi kwenye majani na kushuka, mara mbili kwa siku, kila siku. Miaka 125 baina ya jina na tabia.

Nimekaa sana kwa Decken, nakiri, na mikoko si mwamba wa matumbawe. Wengine niwapitie haraka. Mfaransa Alfred Grandidier alipeleka kaa wa Zanzibar Paris, na Alphonse Milne-Edwards akawaeleza mwaka 1868. Franz Stuhlmann alikusanya Unguja na bara iliyo mkabala wake, na mwaka 1889 Georg Pfeffer akachapisha orodha Hamburg. Kila mmoja alikuwa na jiji lake, na kila jiji likawa na rafu zake.

Anayestahili kituo ni Sir Charles Eliot, Kamishna wa Uingereza wa Afrika Mashariki hadi mwaka 1904. Mchana alikuwa akiamua ardhi ya Bonde la Ufa ikaliwe na nani, na wakati wa mapumziko alikuwa mtaalamu wa kweli wa konokono wa bahari wasio na gamba, akiwaandikia makala. Kwa msaada wake Cyril Crossland alipata kukusanya viumbe vya bahari mwaka 1901 na 1902, Chwaka, Wasini na kwingineko, na akaandika juu ya miamba ya Unguja, Pemba na mwambao wa bara. Eliot mwenyewe aliishia kwenye ugomvi. Aliwaahidi watu wawili kutoka Afrika Kusini ardhi kubwa katika malisho ya Wamaasai. London, iliyokuwa imekwisha kuifikiria kampuni nyingine, ikamkatalia, akajiuzulu kwa hasira. Historia inamkumbuka kwa ardhi ile, na Wamaasai wana haki ya kumkumbuka hivyo. Kwa konokono anakumbukwa na wachache, ingawa kwa maoni yangu huko ndiko alikofanya kazi nzuri zaidi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili likaundwa shirika la utafiti wa uvuvi wa baharini la Afrika Mashariki, EAMFRO, lenye makao yake Zanzibar. Kazi yake ilikuwa samaki wa kuliwa, na ndani ya shirika hilo Bruce akaingia na mapenzi yake ya wasioliwa.

Chukua tumbawe la Galaxea, ambalo lipo kwa wingi kwenye miamba yetu. Limeundwa kwa vikombe vingi vilivyosimama kwa kubanana, vyenye kingo kali za kukata kidole, na baina ya kikombe na kikombe pana upenyo mdogo tu. Ndani ya upenyo huo wanaishi kamba. Mmoja, Ischnopontonia lophos, mwili wake umebanwa ubavuni ukawa bapa, na hupita baina ya vikombe bila kugusa huku wala huku. Katika tumbawe hilo hilo wapo pia jamaa za Anapontonia na Platycaris, kila mmoja na umbo lake na namna yake ya kukaa. Ukielea juu kwa miwani huoni kitu. Lazima kipande kivunjwe, kitiwe kwenye mfuko au ndoo kabla hakijatolewa majini, kisha kitikiswe polepole mpaka wenye nyumba watoke. Hapo ndipo kazi ya darubini inaanza, kuhesabu miiba ya pua na meno ya gando.

Ndivyo Bruce alivyofanya kazi. Mwaka 1967 alieleza Periclimenes zanzibaricus, mwaka 1973 yule Dasycaris, na mwaka 1976 Stenopus zanzibaricus, kamba mwenye magando marefu, pamoja na ripoti ya mkusanyo mdogo wa kamba kutoka hifadhi za bahari za Malindi. Watatu hao wamebeba jina la Zanzibar. Kwa kila mmoja yeye au waliomfuata waliuliza swali lile lile: anaishi hapa tu, au hajatafutwa kwingine? Kwa Dasycaris tunajua jibu. Alitafutwa na wazamiaji wenye kamera, akaonekana mashariki ya mbali, na mpaka wake ukasogea kwa maelfu ya kilomita.

Wanaodhani huu ni mchezo wa wakusanyaji wamtazame kaa wa jamii ya Trapezia, anayekaa kwenye matawi ya tumbawe la Pocillopora. Ni mdogo, anaenea kwenye kijiko. Kiti cha pweza chenye miiba kikija kula tumbawe, kaa huyu hutoka na kukishambulia miguu kwa magando mpaka kigeuze njia. Peter Glynn alilionyesha hilo Panama mwaka 1976. Tumbawe lisilo na walinzi wake huliwa upesi zaidi, na tumbawe likiliwa, kambakoche na samaki wa miambani hawana pa kukaa. Mvuvi wa dema ana faida katika jambo hili, hata kama hakuwahi kulisikia.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Watu waligombania ndege, mabehewa na meli, na magazeti yakaandika juu ya hizo. EAMFRO ilikufa pamoja na Jumuiya, kimya kimya. Kenya ikaunda taasisi yake Mombasa mwaka 1979, na upande wetu ikazaliwa hii inayokaribia nusu karne. Bruce alikwishakwenda Australia na kuendelea na kamba wake huko, na vielelezo vyake vingi vya awali vilikwisha kuwekwa katika makumbusho ya Ulaya. Sisemi aliiba. Wakati ule huko ndiko vilikoweza kutunzwa, kwani spiriti hukauka, vifuniko huoza, na mtu wa kuongeza spiriti lazima alipwe mshahara. Lakini zaidi ya miaka 40 imepita, na udhuru ule umechakaa.

Ya karibuni ni mafupi. Kitabu cha Richmond kilitoka mara ya kwanza mwaka 1997. Mwaka 1998 joto la bahari likaua matumbawe mengi katika ukanda huu, pamoja na nyumba za wanyama hawa, wengine pengine hawajaandikwa popote. Mwaka 2012 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba kaa mmoja maarufu wa mikoko yetu, aliyeitwa kwa zaidi ya miaka 100 kwa jina la jamaa zake, ni aina peke yake. Sasa ni Neosarmatium africanum. Wazamiaji wa Mnemba na Pemba nao wanapiga picha kila siku, nyingi zinaishia kwenye simu zao.

Ombi langu kwa Taasisi ni moja. Kabla ya sherehe, itoe kwa Kiswahili orodha ya kaa na kamba wote waliowahi kuandikwa kutoka Unguja na Pemba, na mbele ya kila jina iseme kielelezo cha kwanza kipo mji gani: Berlin, Paris, Hamburg, London au Leiden. Iweke nakala Makumbusho ya Mnazi Mmoja na katika kila skuli ya pwani. Nawe msomaji unayezamia, picha ya kaa au kamba usiyemjua ipeleke Taasisi, ukiandika tarehe, mahali na kina cha maji, kwa sababu bila hayo matatu picha hiyo haiwezi kuingia kwenye rekodi yoyote.