Jua la Palma ndani ya kompyuta

Mwezi Juni, kusi likishika, anayetafuta nafuu ya joto mjini Palma, kaskazini mwa Msumbiji, huipata upande wa kusini wa nyumba. Upepo watoka huko na kivuli kiko huko huko, maana majira hayo jua hupita upande wa kaskazini tangu kuchomoza hadi kutua. Disemba mambo hugeuka. Kaskazi huvuma, jua huhamia kusini, na ukuta wa kaskazini ndio unaobaki kivulini mchana kutwa. Mara mbili kwa mwaka, takriban tarehe 20 Februari na 22 Oktoba, jua hupita utosini kabisa.

Pwani hii ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia mlango wa Ruvuma hadi Mocímboa da Praia, ina mengi ya kujenga upya. Mocímboa da Praia ilitekwa na wapiganaji Agosti 2020, ikakombolewa mwaka mmoja baadaye. Palma ilishambuliwa Machi 2021. Kusini zaidi, kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kiliezua mapaa ya kisiwa cha Ibo. Siku hizi shule au zahanati huchorwa kwanza kwenye kompyuta, na kabla ya tofali la kwanza watu huonyeshwa picha ya jengo likiwa limeangaziwa jua. Jua hilo limetoka wapi? Historia yake ni ndefu, na sehemu kubwa imeandikwa mbali sana na mstari wa ikweta.

Mwanzo wake ni hesabu. Mwaka 1760 Johann Heinrich Lambert alichapisha kitabu kuhusu upimaji wa mwanga. Alionyesha kwamba ukuta mkavu usiong'aa hupata mwanga mwingi ukielekeana na jua, na mwanga hupungua kadiri miale inavyoupiga kwa mshazari. Kanuni hiyo ingali ndani ya karibu kila programu ya usanifu.

Kompyuta zenyewe zilianza na mistari mitupu. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha programu ya Sketchpad, ambayo mtu aliitumia kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo. Umbo lilionekana kama mifupa, bila ukuta wala kivuli. Kulivisha ngozi ilikuwa kazi ya Chuo Kikuu cha Utah. Mwaka 1971 Mfaransa Henri Gouraud alimchora mkewe mistari usoni, akaupima uso huo na kuuingiza kwenye kompyuta vipande vipande, kisha akabuni njia ya kulainisha mwanga kutoka kona moja ya kipande hadi nyingine ili maungio yasionekane. Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Hanoi, akaongeza alichokosa mwenzake. Katika kazi yake ya 1973, iliyochapishwa 1975, aliugawa mwanga sehemu tatu: ule wa jumla unaozagaa kila mahali, ule unaotawanywa na ukuta mkavu, na mng'ao wa kitu kilichosuguliwa. Alifariki mwaka huo huo wa 1975, angali kijana. Leo mchoraji akivuta kitufe cha kuongeza mng'ao wa bati au kupunguza mwanga wa jumla, mara nyingi anacheza na mgawanyo wa Phong.

Bado palikuwa na pengo. Mwanga wa Phong hugonga ukuta ukaishia hapo, na sivyo ulivyo katika mji wa chokaa. Pale Ibo, ukuta mweupe humulika ukuta wa pili, na wa pili huangaza chumba ambacho jua halikifikii. Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walipata njia ya kukokotoa mwanga ambao kuta hurushiana. Katika muongo huo huo Greg Ward, kwenye maabara ya Lawrence Berkeley huko California, alianza kuunda Radiance, programu ya kukadiria kiasi halisi cha mwanga chumbani. Hapo picha ilianza kuwa kipimo.

Zana zikashuka hadi kwa mchoraji wa kawaida. AutoCAD ilitoka 1982 na SketchUp mwaka 2000. Mchoraji akapata jua la kuweka kwa tarehe, saa na mahali. Lakini usipotaja mahali, programu hukuchagulia. Kwa miaka mingi AutoCAD ilianza na jua la San Francisco, jirani na kampuni ilikozaliwa, na SketchUp na la Boulder, Colorado, kwa sababu hiyo hiyo. Huko jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima, na halifiki utosini hata siku moja.

Liache jua hilo la programu jinsi lilivyo, kisha uchore shule ya Palma. Picha ya Juni itaonyesha jua likiwaka adhuhuri kwenye ukuta wa kusini, na mchoraji mwangalifu atauzibia madirisha au kuuwekea kizuizi. Kumbe huo ndio ukuta wa kivuli na wa upepo wa kusi. Ukuta wa kaskazini, unaopigwa kweli, utaachwa wazi. Picha ni nzuri, hesabu zake hazina kosa, na watoto watasoma ndani ya tanuri.

Saa nayo ina mtego wake. Msumbiji yote hutumia saa moja na Maputo, ilhali Palma iko mashariki kabisa mwa nchi. Huko jua hufika kilele kati ya saa tano na saa tano na nusu. Ukivuka Ruvuma kwenda Mtwara, jua hilo hilo hufika kilele baada ya saa sita, kwa kuwa Tanzania iko saa moja mbele. Mchoraji akikosea kipimo hiki, vivuli vya asubuhi na jioni vyote vitahama.

Kisha kuna ukuta wenyewe. Chokaa nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, udongo wa nyumba za miti na mawe hunywa mwingi, na makuti hayang'ai kama bati. Asiyebadilisha vipimo hivi hulazimika kupunguza nguvu ya jua ili picha isiungue, na hapo anakuwa ameficha ukali ambao jengo litaishi nao kila siku.

Marekebisho hayo yote hayachukui hata nusu saa: weka Palma kwenye ramani, rekebisha saa, taja rangi ya ukuta, kisha tazama Juni, Disemba na siku mbili za jua la utosini. Wilaya zinazopokea michoro zina haki ya kudai kila picha ya jengo iandikwe jua lake ni la mahali gani, tarehe gani na saa ngapi. Na wazee wa mtaa waulizwe wanakaa upande gani wa nyumba kusi likivuma, kisha mchoro upimwe kwa jibu lao. Vikitofautiana, mchoro ndio urekebishwe, tena kabla msingi haujachimbwa.