Kabla Hujaniambia Gari ya Stima ni ya Wazungu, Sikiliza Historia ya Busia

Wadau, ile Celica ya mjomba mnaijua. Kwa wale wageni hapa: nyuma ya nyumba yetu Burumba kuna Toyota Celica ya milango miwili, zile za taa za kufunguka kama macho. Imekaa juu ya mawe tangu mjomba afariki. Injini ilinoki, kuku wanataga kwa kiti cha nyuma. Wiki mbili zilizopita niliweka video nikasema nataka kuitoa ile injini nifunge mota ya stima, hapa hapa nyumbani.

Komenti zenu nilizisoma zote. Moja ilisema, "Uliacha chuo mwaka wa pili, sasa utaunda gari?" Nyingine ikasema hizo ni za wazungu wa Nairobi, sisi wa mpakani tuuze mahindi. Na mama naye, bila kuandika komenti yoyote, akaita mtu wa skrapa aje apime. Anarudi Jumamosi na jibu linahitajika. Kwa hivyo hii posti si ya kubishana tu. Nilienda kusoma, nikauliza wazee, na nimepata kitu.

Tuanze na neno "boda boda". Leo liko mpaka kwa kamusi, lakini lilizaliwa hapa kwetu. Miaka ya 60, ukitoka kizuizi cha Kenya kwenda kile cha Uganda kulikuwa na kipande kirefu katikati ambacho si cha huku wala kule. Matatu na basi zilikuwa zinakushusha upande mmoja, halafu wewe na mzigo wako mtajijua. Vijana wakaona pesa. Walichukua baiskeli za kawaida, wakafunga kiti cha sponji juu ya kerieri, wakaanza kuita abiria: "Boda! Boda!" yaani mpaka kwa mpaka. Kuka wangu, babu yangu mzaa mama, alikuwa mmoja wao. Alibeba watu, alibeba chumvi, na vitu vingine kukhu hataki nivitaje hapa.

Sasa fikiria. Baiskeli ilitengenezwa kubeba mtu mmoja. Hakuna mhandisi aliyewaambia wale vijana waigeuze iwe teksi. Waliongeza chuma, wakachomelea, ikavunjika, wakachomelea tena. Huo ndio mgeuzo wa kwanza.

Wa pili mnaukumbuka wenyewe, ama wazazi wenu wanaukumbuka. Pikipiki zilianza kuonekana kwa biashara hiyo polepole, lakini mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, zile zisizofika cc 250, mambo yakabadilika kabisa. Ndani ya miaka michache baiskeli ikawa ya kuendea posho mill. Wazee wa baiskeli walicheka mwanzoni, wakasema mafuta yatawamaliza hao watoto. Halafu wakanunua pikipiki.

Kwa hivyo mtu akiniambia kubadilisha nguvu ya chombo ni mambo ya kigeni, namuuliza: wewe ni wa Busia gani?

Sasa tuje kwa mafuta yenyewe, kwa sababu hapa ndipo sisi tunajua kuliko mtu wa Nairobi. Kila lita inayoenda Uganda kutoka Mombasa kwa barabara inapita kwa pua yetu, Busia ama Malaba. Mwaka 1976 Idi Amin alidai sehemu ya magharibi ya Kenya ni yake, na baada ya lile shambulizi la Entebbe mwezi wa Julai, Kenya ikambana kwa mafuta. Uganda ikakauka. Desemba 1987 askari wa pande mbili wakafyatuliana risasi hapa Busia na mpaka ukafungwa. Januari 2008, wakati wa fujo za uchaguzi, reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama, na Waganda wakapanga foleni na jerikani ambazo hazikuwa na kitu cha kuwekwa ndani. Januari 2022 tena: madereva wa malori waligoma kwa sababu ya vipimo vya korona, foleni ikarudi nyuma kilomita kwa kilomita, na bei ya petroli ng'ambo ikapanda mpaka watu wakaacha magari nyumbani.

Mara nne, na sijataja zile ndogo ndogo. Kila mara sababu ni nyingine, siasa, vita, uchaguzi, ugonjwa, lakini kamba inakatika mahali pale pale. Mtu anayeishi mpakani anajua petroli si kitu cha kuamini. Ndio maana kila boma hapa lina jerikani ya akiba chini ya kitanda, hata kama ni hatari.

Lakini kuna kitu kingine kinachopita hapa ambacho watu hawakioni kwa sababu kiko juu ya vichwa vyao. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa Aprili 1954, Malkia Elizabeth mwenyewe akaja. Miaka michache baadaye, 1958, Kenya ikaanza kununua stima kutoka huko, kupitia laini ya Tororo. Tororo ni hapo tu ukivuka Malaba. Angalia hiyo picha vizuri: kwa zaidi ya miaka 60 mafuta yanapanda kutoka baharini kwenda magharibi, na stima inashuka kutoka Nile kuja mashariki. Zinapishana hapa kwetu. Sisi tumekuwa tukiangalia malori tu.

Na ni hapo hapo kwenye Nile ndipo jina la gari la kwanza la stima la jirani zetu lilitoka. Kiira ni jina la mto huo. Novemba 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa Kiira EV, gari dogo la viti viwili, la betri, kazi ya wanafunzi na walimu wao wakiongozwa na Profesa Tickodri-Togboa. Museveni akaendesha mbele ya kamera. Watu wa Kenya walicheka wakasema ni toi. Lakini lile toi likazaa gari lingine 2014, likazaa basi la Kayoola 2016, na leo kuna kiwanda Jinja. Kutoka Burumba mpaka Jinja ni karibu kuliko kutoka Burumba mpaka Nakuru, mnajua hilo?

Linganisha na letu. Mwaka 1986 Rais Moi aliambia Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Wakaunda, si moja, magari matano, yakaitwa Nyayo Pioneer, yakazinduliwa Kasarani 1990. Wahandisi walikuwepo, serikali ilikuwa nyuma yao, na bado mradi ulikufa kwa sababu pesa za kiwanda hazikupatikana. Wewe uliyesema mimi sina digrii, hapa nakubaliana na wewe nusu. Elimu inahitajika, na mimi yangu niliiacha njiani, sijisifu nayo. Lakini Nyayo Pioneer haikufa kwa kukosa digrii. Ilikufa kwa sababu hakuna fundi hata mmoja nje ya mradi aliyewahi kuifungua boneti. Pikipiki ya boda iliishi kwa sababu kila fundi chini ya kila mwembe, kutoka Bumala mpaka Malaba, anaweza kuifungua na spana tatu.

Hilo ndilo somo langu kubwa, na dunia nzima inalirudia. Watu wanadhani gari ya stima ni kitu kipya. Mwaka 1897 New York ilikuwa na teksi za stima, na betri zikiisha zilikuwa zinatolewa kituoni na kuwekwa nyingine. Ndio, ile ile biashara ya kubadilisha betri ambayo Zembo wanafanya Kampala na Ampersand Kigali kwa boda za leo. Gari la kwanza kupita kilomita 100 kwa saa, mwaka 1899, lilikuwa la stima, la Mbelgiji Camille Jenatzy. Mafuta yalishinda baadaye kwa sababu yalikuwa rahisi na mtu wa kawaida angeweza kukarabati injini yake mwenyewe. Tena 1912 Cadillac wakaweka stata ya stima, ukaacha kuzungusha chuma kwa mkono. Kwa hivyo mota ya stima ndiyo iliyosaidia petroli kushinda.

Na gari ya spoti kugeuzwa nyumbani? Kule Portland, Marekani, jamaa anaitwa John Wayland alichukua Datsun 1200 ya 1972, akaitoa injini, akaweka mota na betri. Akaiita White Zombie. Ile gari ndogo ikakimbia robo maili chini ya sekunde 11 na kuacha magari makubwa ya V8 yakila vumbi. Datsun, wadau! Ile ile familia ya magari iliyochukua Safari Rally 1971 na 1973 kwa 240Z, ya pili ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Hata Tesla Roadster ya 2008 ilianzia kwa Lotus Elise. Na Safari Rally ya 2022 kule Naivasha, yale magari makubwa ya Rally1 yalikuwa na mota ya stima ndani. Hapa Kenya, Opibus, ambao sasa wanaitwa Roam, walianza 2017 kwa kugeuza Land Cruiser za kubeba watalii ziende kwa betri. Kwa hivyo kitu kinawezekana. Hiyo tumemaliza.

Swali ni kama mimi naweza, na hapa nitakuwa mkweli.

Kazi yenyewe inaeleweka. Unatoa injini, tangi, ekzosi na redieta. Giaboksi inaweza kubaki, unachonga bamba la chuma la kuunganisha mota nayo, na lazima likae katikati sawasawa, likipinda kidogo tu litakula beringi. Unahitaji kontrola ya kuiambia mota ikimbie kiasi gani, chaja, na kifaa cha kushusha volti ili taa na wipa zipate 12 zao. Breki zilikuwa zinavuta nguvu kwa injini, kwa hivyo unaweka pampu yake. Halafu betri. Wengi wanaofanya hii kazi duniani wananunua Nissan Leaf iliyogongwa na kutoa kila kitu. Leaf za kwanza zilikuwa na betri ya kilowati-saa 24. Ikiwa imechoka kidogo, bado ningeenda Malaba, kama kilomita 30, nirudi Burumba, nizunguke mjini, na nilale na chaji. Na 2023 EPRA waliweka bei maalum ya stima ya kuchaji vyombo vya usafiri, kwa hivyo hesabu ya kila siku iko upande wangu.

Tatizo ni mawili. Moja, pesa ya Leaf sina, hata nikiuza simu hii ninayotumia kuwaandikia. Mbili, betri hiyo ni karibu volti 360, na hiyo si ya kujaribu na glavu za kuoshea vyombo. Stima ya moja kwa moja ya nguvu hiyo haikupi nafasi ya kusema pole. Halafu logbuku ibadilishwe, gari ikaguliwe. Mtu akiwaonyesha video ya dakika tatu kwamba ni rahisi, anawauzia views.

Kwa hivyo nimeamua hivi. Celica haiuzwi. Jumamosi nitamwambia mama hivyo, na nitamwambia kwa sababu gani: skrapa watalipa kilo, lakini bodi ya mjomba haina kutu, na hiyo ndiyo sehemu ambayo pesa hairudishi. Itabaki juu ya mawe. Kuku wataendelea kukaa.

Kabla yake nitaanza na pikipiki. Kuna fundi wetu hapa karibu na steji, mzee aliyenifundisha kushika spana kabla sijajua chuo ni nini. Ana boda moja iliyokufa injini, fremu nzima. Mota ya pikipiki ni ndogo, betri ni volti chache, pesa yake naweza kuikusanya kwa miezi kadhaa. Tutaifunga pamoja, yeye afungue, mimi nisome waya, na nitarekodi kila kosa. Nataka siku tukimaliza, yeye aweze kuirekebisha bila mimi. Akishindwa, basi nimeunda Nyayo Pioneer nyingine.

Kuka alichomelea kiti kwa baiskeli bila kuuliza mtu ruhusa. Mimi angalau nimewauliza nyinyi. Kama uko Busia, Malaba ama ng'ambo Sofia na unajua mahali pa kupata mota nzuri isiyo ya wizi, niandikie. Na wewe wa "uza mahindi", karibu pia. Utashika tochi.