Kutoka Adhabu hadi Ihadabu: Historia ya Lugha ya Ukaguzi na Faini za Kodi mjini Bujumbura

Kirundi cha leo kina neno ihadabu, linalotumika hasa kwa faini ya fedha inayotozwa na dola. Asili yake ni neno la Kiswahili adhabu. Kirundi hakina sauti ya dh. Warundi wakaifanya d, na majirani zao Wanyarwanda wakaifanya z, wakapata ihazabu. Mabadiliko ya sauti ni jambo la kawaida katika ukopaji wa maneno. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni maana. Kwa Mswahili, adhabu ni neno pana mno: huingia humo kifungo, viboko vya shuleni, hata adhabu ya kaburi. Lilipofika Kirundi lilibanwa, likaelekezwa kwenye pesa. Makala haya yanadai kwamba kubanwa huko ni ushahidi wa kihistoria wa namna wakazi wa nchi hii walivyokutana na kodi ya fedha, na kwamba athari yake ingalipo kati ya mfanyabiashara wa Bujumbura na mkaguzi wa kodi.

Kabla ya ukoloni mwami alipelekewa ikoro, yaani tunu za mazao, pombe, asali au ng'ombe. Si lazima tuupambe mfumo huo; nao ulikuwa na uzito wake kwa waliotoa. Lakini haukudai sarafu. Wajerumani, ambao Usumbura ilikuwa kituo chao cha kijeshi, walianza kutoza kodi ya nyumba katika Afrika Mashariki yao mwaka 1898, ingawa huku Urundi ilichelewa kufika. Walitawala kwa Kiswahili. Wabelgiji waliouteka mji mwaka 1916 waliwakuta askari na makarani wa lugha hiyo, na mwaka uliofuata wakaanzisha kodi ya kichwa. Baadaye zikaongezwa kodi za ng'ombe na za ndoa za wake wengi.

Katika utawala huo ukaguzi, kwa maana tunayoifahamu leo, haukuwapo. Hakuna aliyeuliza mtu amepata kiasi gani wala ametumia kiasi gani. Kilichohesabiwa ni vichwa, na utetezi wa pekee wa mlipaji ulikuwa stakabadhi. Asiyekuwa nayo alikabiliwa na kifungo au kipigo, na si bure kwamba Kirundi kilikopa pia neno kiboko, kikalifanya ikiboko. Maelfu walivuka mpaka kwenda mashamba ya Tanganyika na Uganda, wakitafuta fedha za kodi na wakati huohuo wakikimbia kazi za lazima. Mwaka 1934 kaskazini-magharibi mwa nchi palizuka uasi unaokumbukwa kwa jina la mwanamke Inamujandi, na mzigo wa kodi na kazi za lazima ulikuwa miongoni mwa sababu zake. Katika mazingira ya namna hiyo, kodi na adhabu havikuwa vitu viwili kwa mtu wa kawaida. Kimoja kilikuja kimeshikana mkono na kingine.

Niruke miongo kadhaa. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2007, na Julai 2009 sheria ikaunda Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, iliyochukua kazi za idara za Wizara ya Fedha. Kamishna Mkuu wake wa kwanza, Kieran Holmes, aliletwa kutoka nje ya nchi. Mwaka 2013 ukawa mwaka wa sheria: kodi ya mapato tarehe 24 Januari, kodi ya ongezeko la thamani mwezi Julai, na taratibu za kodi mwezi Septemba. Hii ya mwisho ndiyo iliyoeleza ukaguzi, adhabu na njia ya kupinga, kwanza kwa Kamishna Mkuu na kisha mahakamani.

Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, siku tatu tu baada ya sheria ya mapato kutiwa saini, soko kuu la Bujumbura liliteketea. Ziliungua bidhaa pamoja na stakabadhi na madaftari yaliyokuwa humo. Tukio hili laonyesha udhaifu wa mfumo mpya vizuri kuliko hoja yoyote ya kinadharia. Ukaguzi wa kisasa hauhesabu vichwa, bali husoma vitabu. Asiye na vitabu hukadiriwa. Babu alijitetea kwa karatasi moja, mjukuu anatakiwa awe na karatasi za miaka.

Na karatasi hizo zina lugha. Barua ya marekebisho ya kodi hukusanya fedha za namna tatu: kodi yenyewe, nyongeza ya kuchelewa, na adhabu ya kosa. Kila moja hupingwa kwa hoja yake. Mwenye duka la vipuri Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndicho lugha ya mazungumzo, mara nyingi huipokea barua hiyo kwa Kifaransa. Akionyeshwa jumla tu, huiona yote kuwa ihadabu moja: hulipa, au hutafuta mtu wa kumsemea pembeni, na siku za kupinga zinapita.

Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilitaja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili hakikupewa hadhi hiyo, ingawa mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya waliagiza kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Rahisi ingekuwa kuazima istilahi za Dar es Salaam zilivyo. Nashauri tahadhari. Faini, lenye asili ya Kiingereza, halina sababu ya kulishinda adhabu, ambalo Mrundi amekwisha kulizoea kwa sura ya ihadabu. Riba, inayotumika Tanzania kwa fedha za kuchelewa, inagusa imani: Buyenzi ina Waislamu wengi, na kumwandikia Mwislamu kwamba anadaiwa riba na serikali ni kumfungulia mjadala usiohusu hesabu zake. Nyongeza ya kuchelewa inatosha na inaeleweka. Neno pingamizi, kwa upande wake, lichukuliwe bila kusita, na katika barua ya kwanza liwekwe juu ya jedwali la fedha, likifuatwa na tarehe ya mwisho ya kuliwasilisha, kwa Kirundi na kwa Kiswahili.