Leopards na wachezaji wa Ulaya

Ubishi wa kuita ao kutoita wachezaji wanaocheza Ulaya si wa leo. Mwaka 1966 Mobutu aliwarudisha nyumbani Wakongomani waliokuwa wakicheza Ubelgiji. Mwaka 1968, kule Addis Ababa, Leopards waliifunga Ghana 1-0 na kutwaa Kombe la Afrika. Lakini serikali ilikuwa imefunga mlango: mchezaji hana ruhusa ya kwenda tena Ulaya. Mwaka 1974 wachezaji wa nyumbani walishinda Afrika tena, Ndaye Mulamba akifunga mabao 9. Miezi michache baadaye, kwenye Kombe la Dunia, Yugoslavia iliwapiga 9-0. Kweli, walikuwa na hasira ya pesa zao ambazo hawakulipwa.

Leo karibu kikosi chote kinacheza ng'ambo. Wengine, kama Arthur Masuaku, walizaliwa Ufaransa. Kuna wanaosema hao hawajui taabu ya inchi. Tarehe 7 Februari 2024, mjini Abidjan, kabla ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, wimbo wa taifa ulipopigwa, ni hao hao waliofunika midomo kwa mkono na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki, kwa ajili ya watu wanaouawa mashariki. Mechi walishindwa 1-0.